Ua Umefunguliwa

Sura ya Tano

Ilipofika saa mbili na nusu asubuhi ya Jumamosi, Mkaguzi Makrina Tesha alikuwa ameshaulizwa mara nne kuhusu ndege mmoja mwenye kifua chekundu, mara tatu kuhusu mbega, na mara moja, na bibi mwenye kofia pana, kama polisi wana habari kwamba okidi nyeupe ya Namichonde huchanua siku tano tu kwa mwaka na kwamba leo ilikuwa siku ya nne. Kuhusu Abel, kiongozi wao aliyetoweka kambini tangu alfajiri ya Alhamisi, hakuna aliyeuliza chochote tangu chai.

Wageni walikuwa sita, wazungu wastaafu, waliokuja kwa siku nane kutazama wanyama na maua ya mwitu katika msitu wa kilima cha Namichonde, mbele ya Chinongwe. Sasa walikuwa wamerundikwa kwenye nyumba ya wageni mjini Nachingwea, askari mwenye bunduki mlangoni, kwa amri ya Mrakibu Wenceslaus. Mrakibu ndiye aliyekuwa bosi wa Makrina, na aliamini kwamba mmoja wa wazee hawa atauawa wakati wowote. Makrina hakuamini. Alishasema hivyo mara mbili, mara ya pili kwa sauti.

"Tuanze upya," alimwambia Beatrisi, mratibu wa safari, aliyekuja na wageni kutoka Dar es Salaam.

"Jana nimesema yote."

"Jana ulisema unalia. Leo sema umekaa."

Beatrisi akakaa. Jumatano jioni, alisema, yeye na Abel walikwaruzana. Ratiba ya Alhamisi ilikuwa kushuka bondeni kutafuta mbega. Abel akataka wasishuke.

"Kwa nini?"

"Alisema bonde si zuri. Nikamwuliza si zuri vipi, akasema atanijibu kesho, akishahakikisha. Nikamwambia ratiba imeshachapwa, wageni wanayo mikononi. Tukalala tumenuniana." Akafuta pua. "Saa kumi na moja alfajiri Fidel, mpishi wetu, akamwona anatoka na panga na kamba. Basi. Mpaka leo."

"Simu akaiacha."

"Ilikuwa inachajiwa jikoni, kwenye sola. Kitabu chake cha maua pia kilibaki mezani. Na ile lenzi yake ya kutazamia."

"Huwa anaviacha?"

"Abel? Abel analala navyo."

Makrina aliandika hilo na kulipigia mstari. Kuna kitu kilitaka kumjia. Lakini kabla hakijafika, bibi mwenye kofia pana alikuwa ameshasimama mlangoni, ratiba mkononi, kidole kwenye siku ya nne. Makrina alifunga daftari kwa kishindo. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mtu maalumu wa kumwangukia.

Chanzo cha kero yote kilikuwa ujumbe mmoja uliokutwa kwenye simu ya Abel. Uliingia Jumatano usiku kutoka kwa Seleman Nangwanda, mkulima wa ufuta na mlinzi wa msitu wa kijiji. Ulikuwa na maneno saba, bila nukta wala herufi kubwa:

*ua umefunguliwa njoo alfajiri kabla wageni hawajaamka*

Mrakibu Wenceslaus aliusoma kama amri. Ua! Umefunguliwa, yaani umeachiwa, fanya kazi yako, kabla wageni hawajaamka. Makrina alimweleza kwa adabu kwamba hakuna Mswahili anayemwagiza mtu kuua bila kutaja wa kuuawa. Mrakibu akajibu kwamba wauaji si walimu wa sarufi. Tangu hapo Mzee Seleman alikuwa mahabusu mjini Ruangwa.

Makrina yeye aliusoma kwa usahihi, au ndivyo alivyodhani. Msafara ulikuwa wa maua. Abel alikuwa mtu wa maua. Ua lilikuwa ua, na Mzee Seleman alitaka kusema *limechanua*, ila ngeli ikamshinda. Kwa miaka mitatu tangu ahamishwe kutoka Moshi, Makrina alikuwa akisahihisha maelezo ya mashahidi kwa kalamu nyekundu. Watu wa huku wamezaliwa na Kimwera, Kimakonde au Kiyao, Kiswahili wamekikuta shuleni na sokoni, kwa hiyo wanakosea ngeli. Hilo alilichukulia kama mvua ya masika. Halikuhitaji uchunguzi.

Ndiyo maana Ijumaa, baada ya kumhoji mzee, aliwapeleka watu thelathini kumtafuta Abel kwenye Mwamba wa Okidi, kileleni, wakashuka mpaka mtoni mara moja tu na kugeuka. Walikuta okidi. Za kutosha.

*

Wakiwa njiani kwenda Ruangwa, simu iliita. Sajini Kaimu, aliyekuwa anaendesha, alipunguza mwendo kwenye tope bila kuambiwa.

"Umempata?" Mrakibu aliuliza.

"Bado, afande."

"Na wageni?"

"Wazima wote sita. Wanalalamika chai ni nyepesi."

"Unaona? Hajaua bado. Anavizia."

"Afande, mtu hawezi kuvizia siku mbili bila simu, bila chakula, na..."

"Sikiliza, Makrina. Saa nane kuna gari la kwenda Lindi. Mzee anaondoka nalo. Njama ya kuua. Huko watamhoji watu wanaojua kuhoji."

Simu ikakatika. Makrina alitazama saa, ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Kama Mzee Seleman atapelekwa Lindi kwa kosa la njama ya kuua, hakuna atakayemtoa kabla ya miezi kadhaa. Na Abel, kama ameanguka mahali huko msituni, alikuwa anaingia siku ya tatu bila maji. Mtu pekee aliyejua alikuwa anakwenda wapi ni huyo huyo mzee.

"Leo atasema," alisema Makrina.

Kaimu, mzaliwa wa Mandawa, alikohoa kidogo na kuendelea kuendesha.

*

Mzee Seleman aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na kanzu iliyokunjika na uso wa mtu aliyechoka kuliko aliyeogopa. Alikuwa wa miaka sitini na kitu, mrefu, mikono imejaa makovu ya korosho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Leo tena?"

"Leo tena. Na leo tusipoteze muda. Ua liko wapi?"

"Nimesema jana. Uko bondeni."

"*Liko* bondeni," Makrina alisema, akiandika. "Mzee wangu, bondeni hakuna ua hata moja. Mratibu amesema, wazungu wote sita wamesema. Okidi inaota mwambani, juu. Kwa nini unanidanganya?"

"Mimi sikusema maua, mama. Nimesema ua."

"Ndiyo. Moja. Nimeandika moja."

Mzee Seleman alimtazama kama anavyotazamwa mbuzi aliyeingia msikitini.

"Haya," alisema Makrina. "Alfajiri ya Alhamisi ulimkuta Abel?"

"Tulipatana tukutane mtoni. Nimekaa pale mpaka jua limetoka, sikumwona. Nikajua hakuja, nikarudi shambani. Uani sikufika."

"Kwenye ua hukufika. Mbona hukwenda mwenyewe?"

"Peke yangu naogopa."

"Unaogopa ua?"

"Naogopa wenyewe."

Makrina aliweka kalamu chini. "Ua la mwitu lina wenyewe?"

"Mama, kila ua una wenyewe. Haujizungushi."

Hapa mtu mwingine angesimama. Makrina hakusimama, kwa sababu neno *wenyewe* lilikuwa limemrukia kichwani na kufukuza mengine yote. Wezi wa okidi! Watu wanaochimbua maua adimu na kuyasafirisha. Abel kawagundua, wamemteka. Alijiona ameshapata uzi wa kesi.

"Nitajie majina."

Mzee akatazama mlango. "Nikiwataja hapa, nikirudi Namichonde nitalala wapi? Mmoja nimemwoza mtoto wangu."

"Usipowataja utalala Lindi."

"Basi nitalala Lindi." Alisema hivyo bila ubishi. "Lakini nimemwambia yule bwana wako, na wewe nimekwambia jana, na leo nakwambia. Abel alitaka akaubomoe kabla wageni hawajapita. Kama hakuja, hakuja. Ila muambieni asipeleke wageni kule."

"Akaubomoe," Makrina alirudia kwa uchovu. "Mzee, ua *linang'olewa*."

Seleman alifumba macho. Midomo yake ilicheza kidogo, na Makrina akajua kwamba anaombewa dua, ila hakujua kama ni njema.

*

Huko kaunta kulikuwa na kelele. Mwanamke wa makamo, mtandio mweusi, hotipoti ya wali chini ya kwapa, alikuwa amegoma kuandikisha jina lake kabla hajajibiwa.

"Mke wa Mzee Seleman," Kaimu alinong'ona. "Bi Ashura. Ametoka Namichonde na bodaboda."

"Wewe ndiye mkubwa wa hapa?" Bi Ashura alimuuliza Makrina.

"Shikamoo, mama. Mkubwa yuko nje. Mimi ndiye mpelelezi."

"Marahaba. Sasa niambie, mpelelezi. Mume wangu mmemfunga siku ya tatu leo. Kosa lake ni kumwambia mtu habari za ule ua?"

"Lile ua, mama," Makrina alisema. Ilimtoka yenyewe, kama chafya.

"Ule."

"Lile. Lile ua, yale maua."

Bi Ashura aliweka hotipoti juu ya kaunta, taratibu, kama mtu anayejipa nafasi ya mikono.

"Mwanangu, lile ua ni la kunusa. La kunusa mimi sina habari nalo. Mimi nasema ule ua. Wa miti. Uliozungushwa kule bondeni kukamatia wanyama. Kwenu hakuna ua? Mlikuwa mnaoga barabarani?"

Askari mmoja alicheka, akameza kicheko njiani. Makrina alifungua daftari. Masikio yalikuwa yanawaka moto.

Ule ua. Nyua. *Umefunguliwa*. Mzee Seleman hakukosea ngeli. Alikuwa amepatia kuliko kituo kizima. Ua la kunusa halifunguliwi, huchanua. *Uani sikufika*: hakuna mtu aliyewahi kusema uani akimaanisha okidi. *Haujizungushi. Akaubomoe.* Na Abel, mtu anayelala na kitabu chake cha maua, alikiacha mezani akachukua panga na kamba, kwa sababu alikuwa anakwenda kubomoa na si kutazama. Bonde si zuri. Angemjibu Beatrisi *akishahakikisha*. Yote yalikuwa kwenye daftari lake. Aliyaandika mwenyewe, mengine akayasahihisha.

"Mama," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Ua ukifunguliwa ndiyo inakuwaje?"

"Ukifungwa ni ua tu. Mnyama anaufuata, anapita zake pembeni. Wakitaka kuwinda wanaufungua, wanaacha mlango. Funo au nguruwe akiona mlango anapita. Sasa hapo mlangoni ndipo wanapotega."

"Wanatega nini?"

"Waya. Wengine wanachimba shimo, wanafunika kwa majani." Bi Ashura alimkazia macho. "Kwa nini? Yule kijana wa wageni si hakuja?"

Hakuna aliyemwambia yeye wala mumewe kwamba Abel alitoka kambini alfajiri ile na hajarudi. Abel hakuwa mtu wa kuahirisha. Kambi iko upande wa juu wa bonde, kijiji upande wa chini, na mto uko chini. Mtu anayetoka kambini na haraka hakuwa na haja ya kuzunguka mpaka mtoni ndipo apande tena. Angekata kwa juu, akitarajia kumkuta mzee huko huko. Mzee alikaa mtoni kumsubiri mtu aliyekuwa ameshapita.

"Kaimu!"

"Afande."

"Wewe ulijua ni ua gani?"

Kaimu alitazama kaunta. "Mimi nilielewa ua wa mawindo, afande. Nikashangaa mbona tunapandishwa mwambani."

"Ukanyamaza!"

"Ripoti yangu ya mwezi uliopita ulinirudishia mara tatu kwa Kiswahili. Nikasema, afande ndiye mwenye lugha yake. Pengine anajua ua mwingine."

Makrina alichukua ufunguo wa mahabusu ukutani.

Walikuwa wameshafika nje ya mji, Mzee Seleman na mkewe kiti cha nyuma, hotipoti katikati, simu ilipoita tena.

"Gari la Lindi litafika saa saba," Mrakibu alisema. "Mwandae mtuhumiwa."

"Mtuhumiwa hayupo mahabusu, afande. Yuko kwenye gari langu."

"Kwa amri ya nani?"

"Kwa amri ya ngeli ya U-ZI," alisema Makrina, na yeye ndiye aliyekata simu.

*

Namichonde hawakupita kijijini. Mzee Seleman aliwaelekeza njia ya mashamba ya ufuta, gari likazama mara mbili, mara ya pili wakaliacha. Bi Ashura alibaki nalo. Mganga wa zahanati ya jirani, aliyepigiwa simu na Kaimu, aliwakuta hapo na pikipiki na machela iliyofungwa kwa kamba.

"Mzee, majina ya wale watu sitakuuliza leo," Makrina alisema wakishuka.

"Na kesho?"

"Kesho nitauliza waya zinauzwa duka gani. Nitafika mwenyewe."

"Hapo sawa," alisema mzee, na akaongeza mwendo.

Walivuka mto. Vichaka vilikuwa vimefungana, na Makrina, aliyekuwa anatazama mbele, angeupita ule ua bila kuuona kama mzee asingemshika mkono. Ulikuwa wa matawi mabichi yaliyosukwa kati ya miti, urefu wa kifua, majani yake bado yana kijani. Ulikwenda kushoto na kulia mpaka macho yakachoka. Mtu anayetafuta maua angeona kichaka tu.

"Msitembee mbele yangu," Mzee Seleman alisema. Alikata fimbo ndefu na kuanza kuigongesha chini hatua kwa hatua.

Mlango wa kwanza ulikuwa na waya, na kwenye waya alikuwamo funo aliyekufa, inzi wamemjaa. Mlango wa pili ulikuwa na waya mtupu. Kaimu aliupiga picha, akauchukua na kuuweka kwenye mfuko, akaandika saa. Makrina alimwacha aandike anavyotaka.

Mlango wa tatu ulikuwa karibu na kijia kinachotoka juu, kambini. Mtu angeweza kupitisha wazee sita hapo, mmoja nyuma ya mwenzake, wakitazama juu kutafuta mbega. Majani yaliyofunika ardhi yalikuwa yamebomoka katikati.

"Abel!" Makrina aliita.

Mbega mmoja alikoroma mbali.

"Abel!"

Kutoka chini kukaja sauti ya chuma kikigonga jiwe. Mara moja, kisha tena. Lilikuwa panga.

Kaimu alikuwa ameshajifunga kamba kiunoni kabla hajaagizwa. Mzee Seleman na mganga walishika, Makrina akashika nyuma yao, wakamshusha. Shimo lilikuwa refu kuliko mtu na nusu, kuta zimechongwa laini. Abel alikuwa ameegemea ukuta, mguu wa kulia umekunjika pasipo na goti. Mvua ya Alhamisi usiku ndiyo iliyomweka hai. Alikuwa ametandaza shati lake likalowa, na bado alikuwa amelishika, limekauka. Midomo ilikuwa imepasuka.

Kumtoa kulichukua karibu saa nzima. Kaimu alimfunga mguu kwa vipande vya miti alivyorushiwa kutoka kwenye ua wenyewe, kisha wakamvuta kidogo kidogo, yeye akipiga kelele isiyo na sauti. Alipolazwa juu ya machela, mganga alimpa maji kwa kifuniko cha chupa. Mzee Seleman alichuchumaa kichwani kwake.

"Mimi nilikusubiri mtoni, baba."

"Nilikata kwa juu," Abel alinong'ona. "Nilitaka niwahi. Wageni... walipita?"

"Hawakupita. Wapo Nachingwea, wazima."

Abel alifumba macho. Walidhani amelala. Makrina alikuwa amepiga magoti kwenye miguu yake, tayari kuutuliza mguu uliovunjika machela ikiinuliwa, Abel alipoyafumbua tena.

"Jana nilisikia watu," alisema. "Wengi. Walikuwa hapo tu, hapo mtoni. Niliita mpaka sauti ikakatika. Nikaanza kugonga panga." Alimeza mate ambayo hayakuwapo. "Halafu mama mmoja akasema, 'Huku ni vichaka tu, hakuna ua hata moja. Turudini juu.' Wakaondoka wote. Alikuwa nani yule mama?"

Mganga alitazama chupa yake. Kaimu alianza kukunja kamba ambayo alikuwa ameshaikunja. Mzee Seleman peke yake ndiye aliyemtazama Makrina, na hakumsaidia.

"Ni mimi," alisema Makrina.

Abel alimtazama mavazi, viatu, uso.

"Basi huo mguu," alisema, "leo ushike vizuri."